Faili Zako Zimesawazishwa

Sipendi kitu kinachofanya kazi kabla hakijaagizwa. Mtu wa hivyo namwita kiherehere, na kompyuta ya hivyo naiita hivyo hivyo. Nina stesheneri ndogo hapa Kikuyu, si mbali na katikati ya jiji la Dodoma. Nachapa barua, natoa kopi, nawajazia watu fomu za mtandaoni, na wateja wananiita mtaalamu. Jina langu ni Kefa. Nalitaja mapema ili pasiwe na ubishi baadaye kuhusu nani alifanya nini.

Kompyuta yangu niliinunua ikiwa imetumika, ofisi moja ilikuwa inaondoa vyombo vyake vya zamani. Ilikuja na madoa ya chai na programu ambazo sikuziomba. Siku ya kwanza niliiweka kwa Kiswahili. Vijana wa maduka ya jirani walinicheka, wakasema Kiswahili cha kompyuta hata aliyekitafsiri hakielewi. Nikawajibu kwamba mashine iliyo dukani kwangu itazungumza lugha ya dukani kwangu. Nilijiona mjanja sana, na nikaendelea kujiona hivyo kwa miaka miwili.

Sasa nimtaje dada yangu. Anaitwa Paulina, ananizidi miaka tisa, na ndiye aliyebaki kwetu Chilonje, nje ya mji, wakati mimi nilipokimbilia mjini kutafuta meza ya kukalia. Baba yetu, mzee Yotham, alijenga tembe pale, nyumba ya udongo hadi paa, akazungushia ua wa minyaa, na alipokufa tukamzika nyuma ya tembe. Mama akamfuata miaka minne baadaye. Kati yao kuna kaburi dogo la Luka, mtoto wa kwanza wa Paulina, aliyeondoka na homa akiwa na miezi tisa. Luka hakuwahi kupigwa picha. Alikuwa na rundo la mawe na bakuli la bati ambalo mama yake alilifudikiza juu yake, basi.

Mji ulipopanuka, wapimaji wakafika Chilonje na vigingi vyao. Majirani walilipwa, wakahama. Shamba letu likasomeka kwenye ramani kuwa pori lisilo na mtu, na pori hilo likapewa kampuni moja iliyotaka kujenga maghala. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye angeweza kusema neno, alikuwa ameshakufa. Nilimpigia dada nikamwambia, "Piga picha kila kitu. Tembe, minyaa, jiwe la kusagia, makaburi. Yote, na kilima nyuma kionekane, ili mtu akisimama pale ajue ni pale." Hilo la kilima nililisema mimi. Nalikumbuka kwa sababu ndilo jambo pekee la maana nililolifanya katika habari hii.

Akazunguka asubuhi nzima na simu aliyopewa na binti yake, akapiga picha thelathini na moja. Akapanda basi, akaja nazo dukani. Nikachomeka waya, nikazihamisha zote kwenye kompyuta, nikaziweka katika folda niliyoiita CHILONJE USHAHIDI. Simu yake ilikuwa imejaa hata ujumbe hauingii, kwa hiyo nikazifuta picha humo ili ipumue.

"Kwani zikibaki na huku kuna ubaya gani?" aliuliza.

"Huku zitapotea dada. Simu inaibiwa, simu inaanguka kwenye maji. Hapa kwangu ziko salama. Na usimtumie mtu yeyote, zitafika kwa hao hao wa kampuni."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Akaniuliza kama naweza kumchapia ile ya kaburi la Luka, aiweke ndani. Wino wa rangi ulikuwa umeisha. Nikamwambia tutachapa zote kwa pamoja kesi ikikaribia, zitoke safi. Wino nilinunua wiki iliyofuata. Nikachapa nao kadi za harusi za watu.

Siku kumi na mbili baada ya hapo greda lilifika Chilonje. Paulina alikuwa ameenda kisimani. Aliporudi alikuta tembe limelala, minyaa imekokotwa hadi pembeni, na nyuma ya tembe udongo uko laini. Alinipigia simu. Akasema, "Wamesawazisha, Kefa. Wamesawazisha kote." Kwetu ndivyo tunavyosema greda likipita.

Akahamia Kibaigwa kwa binti yake. Huko sokoni akapata kazi ya kupepeta mahindi yanayomwagika wakati malori yanapakia. Mama wa miaka sitini na moja, anainama kwenye vumbi la wenzake. Tukafungua shauri kwenye baraza la ardhi. Kaka mtu na makaratasi yake, dada mtu na kanga yake moja nzuri. Dada hakudai shamba lote. Alidai kile kipande chenye makaburi kiachwe, kisijengewe ghala juu yake, wala lori lisiegeshwe pale. Kampuni ikajibu kwa maandishi kwamba makaburi hayakuwahi kuwepo.

Mimi nikarudi dukani na vita yangu nyingine, ambayo wakati ule niliiona kubwa kuliko zote. Bando langu lilikuwa linaisha bila kutumika. Naweka la wiki, siku ya tatu limekwisha, na sijafungua hata video moja. Nikaanza kufuatilia. Nikafungua orodha ya programu zinazofanya kazi chinichini, nikakuta mji mzima humo. Moja inajisasisha, nyingine inasikilizia printa niliyoitupa mwaka juzi, nyingine ni ya mchezo ambao sijawahi kuucheza. Zote zinajiamsha kila nikiwasha mashine, zinakula. Nikazizima moja baada ya nyingine, na kusema kweli nilifurahi. Nilihisi kama mtu anayefukuza wapangaji wasiolipa.

Iliyokuwa sugu ni ile ya wingu. Ilikuwa na kialama kidogo pembeni chini, na ukikigusa kinaandika: Inasawazisha. Asubuhi inasawazisha, mchana inasawazisha. Nilikuwa nimeikubali mwenyewe siku ya kwanza, nilipobonyeza Endelea, Endelea, Kubali. Kazi yake ilikuwa kuchukua faili zangu na kuziweka pia kwenye ghala la mtandaoni. Nikaibonyezea Sitisha. Kumbe kusitisha kwake ni kwa saa ishirini na nne, kesho yake imerudi kazini kama mtumishi aliyesimamishwa kimakosa. Nikaenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha, nikaizima humo. Ikatulia.

Hapo ndipo ningeacha. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata, bando lilikuwa linabaki. Lakini mimi nikishakasirikia kitu sikiachi kikiwa kizima. Kila siku barua pepe inakuja: nafasi yako ya wingu imejaa, lipia uongezewe. Nikasema, ninyi mnanidai nini tena? Nikaingia kwenye hilo wingu kupitia mtandao, nikaangalia kilichojaza nafasi. Ilikuwa folda ya CHILONJE USHAHIDI, maana nafasi ya bure yenyewe ni finyu.

Naomba nieleze nilivyofikiri, kwa sababu nilifikiri, sikukurupuka. Neno lilikuwa kusawazisha. Mimi ni mtu wa mpira, na kwenye mpira anayesawazisha ni yule aliyefungwa. Ukiwa nyuma bao moja ndiyo unasawazisha. Sijawahi kusikia timu inayoongoza ikasawazisha kwa kurudisha mabao yake. Kwa hiyo nikaona hivi: nikifuta huko juu, huko kutakuwa sifuri, kwangu thelathini na moja. Hata programu ikiamka siku moja kwa bahati mbaya, sifuri ndiyo itakayopanda. Hasara yangu kubwa itakuwa bando. Nikafuta. Kikatokea kisanduku chenye maneno mengi ya onyo, nikabonyeza Ndiyo, kama ninavyobonyeza siku zote. Kisha nikaenda kwenye pipa la taka la huko huko, nikalimwaga nalo. Nafasi ikasomeka tupu. Barua za kudai zikakoma, nami nikajipongeza kwa soda baridi.

Kompyuta yangu bado ilionyesha folda. Nilichungulia, majina yote thelathini na moja yalikuwepo, kila moja na ukubwa wake. Pembeni ya kila jina palikuwa na kialama cha wingu, nikadhani ni pambo.

Kesi ilipangwa Jumatano moja ya mwezi wa tisa. Jumanne saa nane mchana Paulina akafika kutoka Kibaigwa, vumbi la mahindi bado liko kwenye nyusi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Za hapa?"

"Nzuri. Kaa, nachapa sasa hivi. Wino upo."

Alikaa kwenye benchi la wateja, akafunua chakula alichobeba, ugali wa mtama na mlenda, akanisogezea. Nikala tonge mbili huku nabonyeza picha ya kwanza. Haikufunguka. Ikaandika kwamba faili hili halipo kwenye kifaa chako, unganisha na uwashe usawazishaji. Nikajaribu ya pili. Ya tano. Ya mwisho. Zote jibu moja.

Ndipo nikaelewa kile kialama cha wingu. Mashine ilikuwa na nafasi ndogo, na ile programu, kwa kiherehere chake, ilikuwa imezipeleka picha zenyewe juu na kuniachia majina. Nilikuwa nimelinda majina.

"Vipi?" aliuliza dada.

"Kidogo tu. Inataka mtandao."

Nilijua nilichofuta, na nilijua pipa nililimwaga, lakini mtu akiwa anazama hashindwi kuamini. Nikaiwasha ile programu niliyoipiga vita mwezi mzima. Nikaibembeleza kabisa, nikasema njoo mama. Kialama kikazunguka. Inasawazisha. Nikaitazama folda. Jina la kwanza likapotea. La pili likapotea. Yakaanza kwenda upesi, kutoka juu kwenda chini, bila huruma, hadi ukurasa ukawa mweupe. Pembeni chini ikaandika: Faili zako zimesawazishwa.

Sifuri kwa sifuri.

Nilibeba mashine kifuani nikakimbia nayo hadi kwa Masudi, fundi wa kompyuta aliye mtaa wa pili, kijana mwenye vyeti ukutani. Paulina akanifuata polepole, ameshika sufuria.

"Shikamoo mzee," alisema Masudi. Nilimweleza. Akaigeuza mashine, akachomeka vitu vyake, akauliza, "Recycle bin ya kwenye cloud uli-empty?"

"Nilimwaga."

"Lini?"

"Mwezi sasa, na zaidi."

"Na simu iliyopiga picha?"

"Nilifuta. Picha nyingine zimeshapigwa juu yake, na binti yake aliisafisha yote ilipokuwa inaganda."

Alijaribu mpaka jioni. Nampongeza, alijaribu kweli. Mwishoni alinivuta pembeni, akashusha sauti. "Mzee wangu, hii programu haikukosea. Wewe ulisema kule kwenye cloud pasiwe na kitu, yenyewe ikahakikisha na huku kwenye mashine hapana. Ndiyo kusawazisha. Ungeizima tu kwenye start-up ukaishia hapo, usingeguswa."

"Nilijua hivyo."

"Sasa kwa nini ukafuta?"

Nilipogeuka nilimkuta dada amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia, na yale ambayo hakuyasikia aliyasoma usoni kwangu.

"Kwa hiyo umezifuta," alisema.

"Ndiyo dada."

"Na ya Luka?"

"Zote."

Nilitamani anitukane, anipige hata na ile sufuria mbele ya Masudi na wateja wake. Alinivuta shati kidogo begani, pale lilipokuwa limekunjika, akalinyoosha. "Twende, hujala ukashiba," akasema. Nilitembea nyuma yake nikilia kama mtoto, na watu wa Kikuyu wananifahamu.

Jumatano tukaenda barazani mikono mitupu. Paulina alieleza kwa mdomo. Alieleza vizuri, tembe lilipokuwa, mawe ya baba yalivyokuwa mengi kuliko ya mama, bakuli la bati. Wakili wa kampuni aliuliza swali moja tu, kama kuna picha. Dada akasema zilikuwepo. Akaulizwa ziko wapi. Akasema ziliharibika. Hakunitaja. Mwenyekiti wa baraza, mtu mzima mwenye uso wa uchovu, alimtazama, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Twendeni huko huko. Mama akituonyesha mahali, nitaamuru pachimbwe leo hii. Mifupa haidanganyi."

Nilipata tumaini pale, sitaficha. Lilikaa kutoka barazani hadi Chilonje.

Tulishuka kwenye uwanja. Nimekulia pale na sikupajua. Walikuwa wamekwangua upande wa juu na kujaza upande wa chini, wakashindilia kokoto nyekundu, hadi ardhi yote ikawa sawa, bila jiwe, bila mnyaa mmoja. Upepo wa mwezi wa tisa ulikuwa unapeperusha vumbi. Kilima tu ndicho kilichobaki, kule mbali, na kilima ukikitazama kutoka sehemu moja au nyingine ya uwanja ule hakibadiliki sana, ila kwa mtu mwenye picha mkononi.

Kampuni walileta wanaume wawili na majembe na sururu. Wakili akalalamika kwamba uwanja hauwezi kugeuzwa shimo. Mwenyekiti akafikiri. "Sehemu moja," alisema. "Mama, nakupa sehemu moja. Chagua kwa uhakika."

Paulina akaanza kutembea. Alihesabu hatua kutoka pale alipodhani palikuwa na mlango wa tembe, akasimama, akatikisa kichwa, akarudi. Akahesabu upya kutoka upande wa kisima. Hatua zilimleta mahali pengine. Karani alikuwa anamfuata na daftari, wajumbe wa baraza wanajikinga jua kwa mafaili. Mwanamke yule alikuwa ameingia na kutoka pale nyuma ya tembe kwa miaka arobaini bila kuwaza, gizani na mwangani, na sasa anazunguka kama mgeni anayeuliza njia. Mara ya tatu aliposimama alikuwa anahema.

Akaniita kwa mkono. Nikaenda.

"Kefa," alisema kwa sauti ya chini ili wasisikie. "Ile ya Luka. Nilisimama miguuni pake nikapiga kuelekea kilimani. Lile pengo la kilima, lile kama jino lililong'oka, lilikuwa juu ya bakuli, au lilikuwa kushoto? Mimi nilikuwa nalia, sikuona vizuri. Wewe ulikaa nazo miezi mitatu."

Nilifunga macho nikaitafuta. Niliiona folda. Niliona orodha, namba kumi na saba, jina lake refu la tarakimu, tarehe, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Ukubwa wake ulikuwa mega nne nukta sita, ndiyo ilikuwa nzito kuliko zote, na niliwahi kuilaani kwa ajili hiyo. Nilijua yote hayo. Sikuwahi kuifungua hata mara moja.

"Lilikuwa upande gani?" aliuliza tena.

"Sikuiangalia dada."

Hakuelewa mara moja. "Hukuangalia pengo?"

"Sikuiangalia picha. Hata moja."

Nimeona dada yangu akiwazika baba na mama. Sijawahi kuona uso ule. Aliniangalia, kisha akanipita kwa macho akatazama kilima, na mwenyekiti akaita kutoka mbali kuuliza kama tuko tayari. Paulina akavua kandambili, akakanyaga kokoto kwa unyayo mtupu, huku na huku, taratibu, kama anayepapasa kitanda cha mtoto asimwamshe. Halafu akasimama.

"Hapa," akasema.

Wanaume wakachimba hadi kiunoni. Kokoto, kisha kifusi kilicholetwa na malori, kisha udongo mgumu ambao haujawahi kufunuliwa na mtu. Karani akaandika kwamba mdai alipewa nafasi na hakuonyesha kaburi lolote. Waliporudisha udongo, mmoja wao alilishindilia shimo kwa miguu hadi likawa sawa na uwanja, na dada yangu akauliza kama sasa anaweza kuvaa kandambili zake.